Maumbo ndani ya maumbo

Maumbo ndani ya maumbo ni mada ya jometri inayohusu umbo lililochorwa ndani ya jingine hadi likagusa kingo zake: duara ndani ya mraba, mraba ndani ya duara, pembetatu ndani ya nusuduara. Kinachotafutwa kwa kawaida ni eneo la sehemu iliyotiwa kivuli, yaani eneo la umbo kubwa likitolewa la dogo. Katika shule za msingi za Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili, mara nyingi kama fumbo la maneno, na pai huchukuliwa kuwa 22/7. Mwanafunzi akiingia kidato cha kwanza hukutana na mafumbo yaleyale kwa Kiingereza.

Tuchukue mfano wa karakana ya Ngarenaro, jijini Arusha. Fundi bati ana kipande cha mraba chenye upande wa sm 14, naye anataka kukata mfuniko wa duara ulio mkubwa kadiri inavyowezekana. Je, bati litakalobaki lina eneo gani? Hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu uko katika kutambua kipimo ambacho maumbo yote mawili yanashirikiana, nacho hakitajwi popote katika swali. Hapa upande wa mraba ndio kipenyo cha duara, kwa hiyo nusukipenyo ni sm 7. Mraba una sm² 196, duara lina 22/7 × 7 × 7 = sm² 154, na mabaki ni sm² 42. Anayeichukua 14 kuwa nusukipenyo hupata sm² 616, mfuniko uliozidi bati lenyewe mara tatu na zaidi. Jibu la namna hiyo lilipaswa kumshtua, lakini wengi huliandika na kulipigia mstari.

Fundi akikata mifuniko minne midogo kutoka bati hilohilo, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha sm 7, hapunguzi hasara hata kidogo: 38.5 × 4 ni 154 ileile. Mifuniko tisa iliyopangwa safu tatu kwa tatu nayo hutoa jumla hiyo, kwa sababu kila duara huchukua 11/14 ya mraba wake, uwe mkubwa au mdogo. Uwiano huo umo katika kazi ya Archimedes wa Sirakusa juu ya kipimo cha duara, ya karne ya 3 KK. Alichora pembenyingi zenye pande 96 ndani na nje ya duara, akathibitisha kwamba pai ni ndogo kuliko 3 1/7 na kubwa kuliko 3 10/71. Bati likiwa pana, namna ya kuokoa ni kupishanisha safu, mfuniko wa safu ya pili ukae penye mwanya wa safu ya kwanza. Matumizi ya bati yanaweza kukaribia asilimia 90.

Mraba ukiwa ndani ya duara, kipimo cha pamoja hubadilika: ulalo wa mraba, kona hadi kona, ndio kipenyo. Hili ni fumbo la mpasua mbao. Gogo la paina, mti unaopandwa katika Shamba la Miti Meru/Usa chini ya Mlima Meru, likiwa na kipenyo cha sm 28, uso wake ni sm² 616. Hakuna haja ya kutafuta upande wa boriti: eneo la mraba ni nusu ya ulalo uliozidishwa kwa ulalo, yaani 28 × 28 ÷ 2 = sm² 392. Sm² 224 zinazosalia ni mabanzi, ambayo huishia kwenye uzio au jikoni. Daftarini gogo ni duara kamili. Msituni hupungua unene kuelekea kileleni, hivyo boriti iliyonyooka hukadiriwa kwa kipenyo cha ncha nyembamba.