Kiti cha Tisa

Mwaka 1937, msafiri wa Dar es Salaam aliyekuwa na uwezo wa kwenda Uingereza kwa ndege hakuhitaji uwanja. Alishuka bandarini, akapanda mashua, akasogezwa hadi kwenye dude kubwa la Imperial Airways, shirika la Uingereza, lililokuwa likielea majini. Ndege hiyo ilikuwa imetoka Durban, ikagusa Beira na Lindi; mbele yake kulikuwa na Mombasa, Kisumu, Port Bell ya Kampala, Malakal na Khartoum, kisha Misri, bahari ya Mediterania na hatimaye Southampton. Safari ilichukua siku kadhaa. Jioni ndege ilitua na abiria wakalala hotelini, asubuhi wakaendelea.

Ndege hizo za Short Empire zilijengwa kwa abiria 24, ingawa mara nyingi walipanda wachache zaidi kwa sababu barua ndizo zilizopewa kipaumbele. Mbele kulikuwa na chumba cha wavuta sigara. Mhudumu alikuwa na jiko lake dogo. Sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ukumbi wenye reli ubavuni, ambapo mtu aliinuka kitini, akaegemea dirishani na kutazama tembo na viboko kando ya Nile. Hakuna ndege ya abiria wa kawaida leo inayompa mtu nafasi kama ile.

Mabango ya matangazo yalionyesha ukumbi huo. Hayakuonyesha matapishi. Wakati ule hewa haikushindiliwa ndani ya ndege za abiria, kwa hiyo rubani hakuweza kupanda juu sana bila abiria kuishiwa pumzi. Alilazimika kubaki chini, kwenye hewa ya moto inayofoka kutoka ardhini mchana, na juu ya Sudan ndege ilirushwa huku na huku kwa muda mrefu. Injini nne zilinguruma juu ya vichwa vya watu tangu kuondoka hadi kutua.

Historia ya starehe angani husimuliwa sana kwa sahani za kaure na sare za wahudumu. Mwili wa abiria hukumbuka mengine: hewa aliyovuta, kelele alizovumilia, na mahali alipoweka magoti. Ukiifuata njia ile ya Afrika Mashariki kwa vipimo hivyo, utaona kwamba mambo mawili yamezidi kuwa mema na la tatu limezidi kuwa baya.

Hata kazi ya wahudumu wa kike ilianza kwa sababu ya taabu hizo. Ellen Church, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuhudumia abiria ndani ya ndege, alikuwa muuguzi. Aliruka na Boeing Air Transport kutoka Oakland kwenda Chicago tarehe 15 Mei 1930, na wenzake saba wa mwanzo nao walikuwa wauguzi. Kampuni ilijua wateja wake wanaogopa na wanaugua, ikawapa mtu wa kuwatuliza. Trei ya chakula ilikuwa sehemu tu ya kazi hiyo.

Hewa ilibadilika zaidi mwaka 1952. Tarehe 2 Mei ndege aina ya Comet ya BOAC, shirika la Uingereza, iliondoka London na abiria 36, ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Ilikuwa safari ya kwanza ya ratiba ya abiria kwa ndege ya jeti duniani, na Entebbe ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Comet iliruka kilomita 12 hivi juu, mbali na misukosuko ya joto, kwa kuwa hewa ilishindiliwa ndani ya bodi lililofungwa barabara.

Raha hiyo iligharimu maisha ya watu. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani, zikaangukia bahari ya Mediterania. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walilizamisha bodi la Comet nyingine kwenye tangi la maji, wakalijaza shinikizo na kulipunguza, tena na tena, kana kwamba linapaa na kutua, hadi likachanika. Ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha. Kila safari ilikuwa imeuchosha ule ukuta mwembamba kidogo kidogo. Comet 4 ilikuja na madirisha ya mviringo, na ndiyo iliyopokelewa na East African Airways mwaka 1960.

Shirika hilo, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilianza mwaka 1946 na ndege ndogo za Dragon Rapide. Miaka 20 baadaye lilipokea jeti za Super VC10, na hapo kelele nazo zikapata dawa. VC10 ilibuniwa kwa viwanja vya joto vilivyo juu milimani, ambako hewa nyepesi huifanya ndege iondoke kwa shida. Embakasi, uwanja wa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ili mabawa yafanye kazi hiyo vizuri, wahandisi waliyaacha wazi na kuzifunga injini zote nne mkiani. Abiria waliokaa mbele na katikati waliachiwa utulivu ambao hawakuwa wameuona kwenye jeti zenye injini mabawani. BOAC iligundua kwamba watu waliichagua VC10 hata pale ambapo Boeing 707 ilikwenda njia ile ile. Lakini VC10 ilikula mafuta mengi, na zilijengwa 54 tu. East African Airways yenyewe ilivunjika mwaka 1977 katika ugomvi wa wenye mali.

Zile sahani za kaure nazo zina asili yake: chakula kilipata umaarufu kwa sababu ya bei. Nauli za kimataifa zilipangwa kwa pamoja kupitia IATA, chama cha mashirika ya ndege, hivyo shirika lisiloweza kupunguza nauli lilivutia wateja kwa sahani. Mwaka 1958 mashirika ya Marekani yalilalamika kwamba SAS inawapa abiria wa daraja la chini mikate iliyorundikwa vitoweo hadi ikawa mlo kamili, na SAS ikatozwa faini. Nauli zilipoachiwa huru, Marekani ikitangulia kwa safari zake za ndani mwaka 1978, abiria walipata tiketi za bei nafuu, na mashirika yakaanza kuhesabu viti.

Boeing 787 ya Air Tanzania iliyotua Dar es Salaam Julai 2018 inaonyesha kwa pamoja yaliyokuwa mema na lililokuwa baya. Bodi lake ni la nyuzi za kaboni, halichoki wala haliliwi na kutu kama alumini, kwa hiyo hewa yake inaweza kuachwa na unyevu zaidi na kushindiliwa zaidi. Ndani ya ndege za zamani mwili huhisi uko kwenye mwinuko wa mita 2,400, karibu na Nyahururu. Ndani ya 787 ni mita 1,800, karibu na katikati ya Nairobi. Kichwa hakiumi sana, wala koo halikauki sana.

Boeing waliichora ndege hiyo wakifikiria viti vinane kwa safu katika daraja la kawaida. Mashirika mengi, Air Tanzania na Kenya Airways yakiwemo, yaliweka tisa. Kiti kimoja kilichoongezwa kimevifanya vyote kuwa na upana wa sentimita 44 hivi. Japan Airlines walibaki na vinane, vya sentimita 48. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kununua mzigo hukaa kwenye kiti hicho usiku kucha, akivuta hewa bora kuliko aliyovuta abiria yeyote wa Imperial Airways, kiwiko chake kikigombania mkono wa kiti na jirani. Sayansi haimnyimi hizo sentimita nne. Shirika ndilo lililoamua kuziuza, na linaweza kuzirudisha likitaka.