Safu ya Mbele Iliyozaliwa Kando ya Reli

Makindu iko kama kilomita 170 kutoka Nairobi, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, katika kaunti ya Makueni. Wasafiri wanaijua kwa hekalu la Masingasinga. Madereva wa malori, familia zinazoshuka pwani na wanafunzi wanaorudi shule huegesha magari hapo, huvua viatu, hufunika vichwa, kisha huketi kula chapati, dengu na wali bila kutozwa hata senti. Anayetaka kulala hupewa chumba. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926, na waliolijenga walikuwa watu wa reli.

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua wa mkataba 31,983 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakitoka Punjab. Kati yao 2,493 walikufa kwa maradhi, ajali na simba. Mikataba ilipokwisha, 6,724 waliamua kubaki. Makindu ilikuwa miongoni mwa vituo vya huduma, mahali pa mafundi, maji na kuni za injini. Jua la Ukambani lilipopoa jioni, mafundi walikusanyika kuabudu pamoja, na ibada hiyo ya kambini ndiyo iliyokuja kupata jengo mwaka 1926. Baadaye injini zikaboreshwa, mafundi wakahamishiwa kwingine, hekalu likakaa kimya kwa miaka mingi hadi magari ya barabara kuu yalipolifufua.

Watu hao hawakuacha hekalu peke yake. Kutoka katika familia zao, na za Wagoa, watu wenye asili ya Goa, waliokuwa makarani wa reli hiyo hiyo, Kenya ilipata timu ya mpira wa magongo ambayo kwa muda wa miaka kumi na tano hivi ilitisha duniani. Makindu haihesabiwi miongoni mwa vituo vikuu vya mchezo huo. Lakini asiyejua vituo vidogo kama hivyo, na watu waliovikalia kabla ya kuhamia Nairobi, Nakuru na Kisumu, hawezi kueleza mabao ya Kenya yalitoka wapi, wala kwa nini yalikauka.

Waingereza nao waliucheza mchezo huo katika klabu zao. Waliougeuza kuwa mchezo wa mtaa ni Waasia. Shule iliyoanza mwaka 1906 kwa watoto wa Kihindi wa wafanyakazi wa reli jijini Nairobi, ikaja kuitwa Duke of Gloucester na leo Jamhuri High, ilikuwa na magongo katika maisha yake ya kila siku. Masingasinga walikuwa na Sikh Union. Wagoa walikuwa na Goan Gymkhana, Goan Institute na Railway Goan Institute, na wakapigania kombe lao la dhahabu la M. R. de Souza. Mtoto alikuta gongo nyumbani, akalikuta shuleni, akalikuta tena klabuni jioni baba alipotoka kazini.

Viwanja vyao vilikuwa vya murram. Hapo pana siri ya kwanza ya mashambulizi ya Kenya. Murram iliyosawazishwa na kushindiliwa huupa mpira mwendo wa kasi, lakini kijiwe kimoja kinatosha kuurusha juu. Mchezaji anayejifunza hapo hulazimika kuuweka mpira karibu kabisa na gongo, kuugeuza kulia na kushoto kwa mzunguko wa kiganja, na kuutoa kwa pasi fupi kabla haujamponyoka. Gongo lina upande mmoja tu unaoruhusiwa kuugusa mpira, ule bapa, kwa hiyo kila chenga ya kwenda kulia inataka gongo ligeuzwe kichwa chini. Mtoto aliyefanya hivyo maelfu ya mara kwenye murram alifika uwanja wa nyasi akiona kazi ni nyepesi.

Siri ya pili ilikuwa mpangilio. Timu za India zilishambulia kwa watu watano: winga wawili, washambuliaji wa ndani wawili, na mmoja wa kati. Bao la magongo halihesabiwi mpaka mpira upigwe ukiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango, yenye kipimo cha mita 14.63. Kwa hiyo hesabu yote ya mashambulizi ni namna ya kuingia humo ukiwa na mpira na nafasi ya kupiga. Waingereza walipenda kupiga mpira mrefu na kuukimbilia. Wahindi waliingia kwa pasi fupi na kubadilishana nafasi, beki asijue amfuate nani. Kenya ilichukua somo hilo moja kwa moja.

Mwalimu mkuu wa somo hilo alifika mwenyewe. Desemba 1947 timu ya India ilishuka bandarini Mombasa kwa mwaliko wa chama cha michezo cha Waasia wa Afrika Mashariki. Wenyeji walikuwa wametoa sharti moja: bila Dhyan Chand, timu isije. Chand alikuwa na medali tatu za dhahabu za Olimpiki, za 1928, 1932 na 1936, na umri wake ulikuwa miaka 42. Bado alifunga mabao 61 katika mechi 22 za ziara hiyo. Vijana waliomtazama akipokea mpira, akisimama kidogo, kisha akipita palepale beki alipoondoka, ndio kizazi kilichowafundisha wachezaji wa miaka ya hamsini na sitini.

Miaka tisa baada ya ziara hiyo, Kenya ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne mwaka 1956, na timu ya magongo ilikuwamo. Ilimaliza ya kumi. Roma, mwaka 1960, ikawa ya saba, baada ya kucheza na Uingereza robo fainali iliyoendelea kwa dakika 127 kabla ya Waingereza kushinda 2–1. Tokyo, mwaka 1964, ikawa ya sita. Mexico, mwaka 1968, ikawa ya nane. Nchi yenye jamii ndogo tu ya wachezaji wa mchezo huo ilikuwa inakaa meza moja na India, Pakistan, Ujerumani na Australia.

Mwaka wa 1964 ndio unaoonyesha vizuri zaidi timu hiyo ilikuwa na nini mbele. Kabla ya Tokyo, Kenya ilikwenda India, na mjini Jabalpur ikawafunga wenyeji 3–0. Hao hao Wahindi miezi michache baadaye walivaa dhahabu ya Olimpiki. Nahodha wa Kenya, Avtar Singh Sohal, alikuwa beki, na alikuwa tayari amecheza Roma. Angecheza pia Mexico na Munich, akawa nahodha katika Olimpiki tatu na kufikisha mechi 167 za kimataifa. Nyuma yake langoni alisimama John Simonian. Mbele yake walikimbia Wagoa kama Hilary Fernandes, Edgar Fernandes na Egbert Fernandes, wakilishwa mipira na viungo kama Surjeet Singh Panesar. Shambulizi lilianzia kwa beki wa Kisingasinga na likamalizwa na mshambuliaji wa Kigoa, nao walikuwa wamezoeana kwa miaka kupitia mechi za klabu za kila wikendi jijini Nairobi. Kocha wa taifa hakuhitaji kuwafundisha kuelewana. Alihitaji kuchagua tu.

Kilele kilikuja Barcelona, Oktoba 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo. Timu zilikuwa kumi. Kenya ilivuka makundi ikafika nusu fainali, ikafungwa 1–0 na wenyeji Hispania. Katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu ilicheza na India, ikaivuta hadi muda wa nyongeza, ikafungwa 2–1. Nafasi ya nne duniani. Timu ya magongo ya Kenya haijawahi kufika hapo tena.

Mwaka mmoja baadaye, Munich, ilimaliza ya kumi na tatu.

Anguko hilo lina sababu zake, na hakuna hata moja iliyoanzia uwanjani Munich. Baada ya uhuru wa 1963, Waasia wengi wa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara. Machi 1968 Uingereza nayo ikafunga mlango wake kwa sheria ya haraka. Familia zilikimbilia London kabla mlango haujafungwa, na nyingine zikafuata baadaye kwenda Kanada na Australia. Karani wa reli aliyeondoka aliondoka na watoto wake wote. Timu ya taifa haikupungukiwa siku hiyo. Ilipungukiwa miaka mitano, kumi baadaye, wakati watoto hao walipopaswa kuwa winga na washambuliaji wa ndani wa Sikh Union na Goan Institute.

Pigo la pili lilikuwa la sakafu. Mwaka 1976 huko Montreal, magongo ya Olimpiki yalichezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia. Kenya haikuwapo: ilijiunga na nchi za Afrika zilizosusia kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Haikwenda Moscow mwaka 1980 pia. Ilipoutazama tena mchezo wa dunia, ulikuwa mwingine. Kwenye nyasi bandia mpira hauruki. Unateleza kwa kasi iliyo sawa, anayepiga mbali hupata faida, na mwenye mapafu humshinda mwenye viganja. Ustadi uliolelewa na murram, wa kuuchunga mpira usiruke, ulipoteza sehemu ya thamani yake. Hata India na Pakistan zilitikiswa; Kenya, isiyo na uwanja wa namna hiyo, ilitikiswa zaidi.

Uwanja ulikuja mwaka 1987, pale City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika. Kenya ilitwaa dhahabu na tiketi ya Seoul. Miaka mitatu kabla yake, Los Angeles, ilikuwa imemaliza ya tisa. Seoul ilikuwa na wachezaji kama Peter Akatsa, Lucas Alubaha na Michael Omondi, bega kwa bega na Masingasinga, ushahidi kwamba gongo lilikuwa limeshatoka mikononi mwa jamii mbili na kuingia mikononi mwa Wakenya wengine. Ilimaliza ya kumi na mbili kati ya timu kumi na mbili. Tangu hapo timu ya magongo ya Kenya haijarudi Olimpiki.

Ni rahisi kuisimulia hadithi hii kana kwamba vipaji viliisha na Waasia. Ukweli unapinga. Mchezo ulipata makao mapya katika shule za bweni za magharibi na Bonde la Ufa, hasa Friends School Kamusinga na St. Anthony's ya Kitale, ambako kijana hushika gongo akiwa kidato cha kwanza na hulala, huamka na hufanya mazoezi na wenzake walewale kwa miaka minne. Kwa upande wa wanawake, klabu iliyojulikana kwa miaka mingi kama Telkom ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Palipo na kundi la watu wanaocheza pamoja kwa muda mrefu, mabao yanakuja, na rangi ya mchezaji haihusiki.

Leo sehemu kubwa ya mzigo huo imebebwa na vyuo vikuu. Strathmore ina Gladiators kwa wanaume na Scorpions kwa wanawake. USIU ina Spashers. Timu hizi huingia ligi kuu kupambana na maafisa wa polisi na wachezaji waliokomaa, na kila msimu mpya huja na swali moja: nani atafunga? Swali hilo ni gumu chuoni kuliko kwingine kokote. Sherehe ya mahafali humchukua mshambuliaji wa kati wakati mmoja na kiungo aliyekuwa akimlisha. Anayechukua nafasi yake anatoka sekondari, ana kasi, lakini hajawahi kucheza na winga wake hata mechi moja.

Sheria nazo zimeongeza kazi. Kuotea kulifutwa katika miaka ya tisini, kwa hiyo mshambuliaji anaweza kusimama karibu na kipa na kusubiri. Mechi ya dakika sabini imekuwa robo nne za dakika kumi na tano, na wachezaji hubadilishwa wakati wowote, hivi kwamba chuo kinahitaji washambuliaji saba au wanane wazuri pale ambapo Kenya ya 1964 ilihitaji watano. Kona fupi imekuwa sayansi: mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa mwisho wa uwanja, wa pili anautuliza nje ya nusu duara, wa tatu anaukokota kwa gongo na kuurusha juu. Katika kona hiyo, mpira wa kwanza unaopigwa langoni kwa nguvu hauruhusiwi kuvuka mstari wa lango ukiwa juu ya sentimita 46. Unaorushwa kwa kukokotwa hauna kikomo hicho, na ndiyo maana warushaji wamekuwa ndio wafungaji wakubwa wa dunia.

Mrushaji wa namna hiyo hutengenezwa kwa mazoezi ya peke yake, mpira baada ya mpira, kwenye sakafu ileile atakayochezea. Wanafunzi wa Nairobi hugawana saa za nyasi bandia na klabu nyingine za jiji. Chuo kinachotaka kujua msimu wake ujao utakuwaje kina mambo mawili ya kuhesabu kabla ya kutangaza kikosi: washambuliaji wangapi waliocheza pamoja mwaka jana bado wamesajiliwa masomoni, na saa ngapi za nyasi bandia kila wiki zimewekwa kwa ajili ya kona fupi peke yake.