Beji ya kifuani haioni vidole: Mionzi kwenye mikono ya wahudumu wa tiba ya nyuklia

Beji ya kupimia mionzi inayovaliwa kifuani inaweza kuonyesha kuwa mhudumu wa tiba ya nyuklia yuko salama, kumbe ncha za vidole vyake zimepigwa na mionzi mara nyingi zaidi.

Katika tiba ya nyuklia, mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi, mara nyingi kwa sindano, kisha kamera maalumu hufuatilia inakokwenda mwilini. Ndiyo inayotumika kuchunguza mifupa, moyo, tezi ya shingo na saratani. Dawa nyingine si za kupiga picha, ni za kutibu.

Lakini kabla ya kumfikia mgonjwa, lazima kuna mtu aliyeiandaa, akaivuta kwenye bomba la sindano, akaipima nguvu na kuichoma. Kazi yote hiyo ni ya mikono.

Kwa nini vidole?

Sababu ni umbali. Chanzo kidogo cha mionzi kikiwa sentimita 10 kutoka kwenye ngozi, kinachofika ni takriban sehemu moja ya mia ya kile kinachofika kikiwa sentimita 1. Sasa bomba la sindano haliko hata sentimita 1 kutoka kwenye kidole, limeshikwa!

Kinachoumia zaidi mara nyingi ni ncha ya kidole cha shahada cha mkono usiotumika sana, yaani wa kushoto kwa wengi, kwa sababu ndio unaoshikilia chupa au bomba wakati mkono mwingine unavuta dawa.

Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, inapendekeza mwili mzima wa mfanyakazi usipate zaidi ya wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Kwa ngozi na mikono ni 500. Inaonekana nyingi, ila inahesabiwa kwenye sentimita 1 ya mraba iliyopigwa zaidi, siyo mkono wote.

Mradi wa Ulaya uitwao ORAMED, uliopima mikono ya wahudumu kati ya 2008 na 2011, ulikadiria kuwa takriban mmoja kati ya watano angeweza kuvuka kiwango hicho kwa mwaka.

Kuvuka siyo kwamba kidole kitaungua kesho. Hofu ni ya miaka: ngozi kukauka, kucha kuharibika, hata saratani ya ngozi. Enzi za mwanzo za eksirei, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono kabla ya kufariki mwaka 1904. Wakati huo hakukuwa na kiwango chochote cha kufuata.

Pete nayo haisemi yote

Ndiyo maana wahudumu huvaa pete yenye kipimo, chini ya glavu. Shida ni kwamba pete inakaa kwenye shina la kidole, na mionzi mikali iko kwenye ncha. ORAMED ilishauri ivaliwe kwenye shina la kidole cha shahada cha mkono usiotumika sana, kipimo kikielekea upande wa kiganja, kisha matokeo yazidishwe mara 6.

Kwa hiyo pete ikisoma milisivati 90 kwa mwaka, ncha ya kidole huenda imepata 540.

Kinachosaidia kweli

Wengi hudhani dawa ni kufanya haraka. Haraka inasaidia, lakini peke yake haitoshi: kinga ya kufunika bomba na kuongeza umbali vina nguvu zaidi. Kinga hizo ni nzito na zinasumbua, hivyo kishawishi cha kuzivua kipo, hasa siku yenye foleni ya wagonjwa.

Kinga yenyewe inategemea dawa. Kwa teknesiamu-99m, inayotumika sana, tangsteni ya milimita 2 inafaa. Florini-18 ya kamera za PET inahitaji nene zaidi. Itriamu-90 inataka plastiki ya karibu sentimita 1, na koleo la kushikia chupa badala ya vidole.

Vipimo vya wafanyakazi wa mionzi nchini Tanzania husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC.

Glavu za kawaida hazizuii mionzi hii. Kazi yake ni kuzuia tone la dawa lisiguse ngozi. Tone likidondokea glavu, inavuliwa hapo hapo, kisha mkono unapimwa kwa mashine kabla ya kuendelea.