Mji Uliowafungia Watoto Mlango

Tarehe 1 Januari 1960, magari yalipanga foleni ndefu katikati ya mashamba ya pamba, nje kidogo ya Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Watu walikuwa wamekuja kuona nyumba tano za mfano. Mjenzi wake, Del Webb, alitarajia wageni kama elfu kumi. Siku tatu zikaleta karibu laki moja, na nyumba zaidi ya mia mbili zikauzwa. Mji huo uliitwa Sun City. Nyumba zake zilikuwa za watu wa miaka 50 kwenda juu, na mtoto wa umri wa shule hakuruhusiwa kuishi humo.

Kwetu hilo linasikika kama kichekesho. Mzee alipe pesa akae mahali ambapo mjukuu haruhusiwi kuhamia? Lakini kila mada ya makao ya wazee ikizuka Nairobi, tunagawanyika haraka: hawa wanasema ni kumtupa mzazi, wale wanasema ni huduma kama nyingine. Historia ya Sun City inasaidia kupunguza kelele, kwa sababu majaribio haya yana zaidi ya miaka sitini sasa na matokeo yake yanaonekana.

Tuanze na sababu. Kabla ya miaka ya 1930, Mmarekani aliyezeeka bila akiba alikuwa na njia mbili: chumba cha nyuma kwa mtoto wake, au nyumba ya maskini ya kaunti, mahali palipoogopwa kuliko jela. Sheria ya Social Security ya mwaka wa 1935 ilibadilisha mambo. Baada ya vita vikuu vya pili, vyama vya wafanyakazi navyo vikapigania pensheni za kampuni. Kufikia miaka ya 1950 kulikuwa na kundi jipya kabisa duniani: wazee wenye afya, wenye hundi ya kila mwezi, na wasio na la kufanya.

Ila si wote. Sheria ile ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa nyumbani, na Wamarekani weusi wengi walifanya kazi hizo hizo. Basi usishangae kwamba Sun City ilianza kama mji wa wazungu. Ukitaka kulielewa kwa hesabu ya huku, jiulize shosho yako aliyelima na kuuza mboga sokoni miaka arobaini angekuwa upande gani wa lango.

Ujanja wa Webb ulikuwa kujenga starehe kwanza. Kabla ya kuuza nyumba, uwanja wa gofu, maduka na ukumbi wa burudani vilikuwa vimesimama, ili mnunuzi avione kwa macho. Wako waliomwonya kwamba wazee hawatakubali kuishi mbali na wajukuu. Kumbe walikubali, tena kwa furaha. Walifungua klabu za kila aina, za useremala, za dansi, za ufinyanzi. Wakajitolea kufagia barabara na kufanya doria mtaani. Mjane alipata majirani waliojua ujane ni nini. Muhimu zaidi, hakuna aliyekuwa mgeni kwenye nyumba ya mkwewe, akisubiri kuambiwa runinga izimwe saa ngapi. Hiyo ni heshima, na tusiidharau. Wazee wetu wangapi wanaletwa Nairobi kutoka ushago "kutunzwa", kisha wanafungiwa kwenye fleti ya ghorofa ya nne kutwa nzima na dada wa kazi?

Sasa hasara. Ya kwanza ilijitokeza kwenye sanduku la kura. Sun City ilikuwa ndani ya wilaya ya shule ya Peoria, na mapendekezo ya kukopa pesa za kujenga shule yalihitaji kura za wakazi, kwa maana mikopo ingelipwa kwa kodi za nyumba zao. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, wazee walipiga kura ya hapana mara kwa mara. Hatimaye Sun City ikatolewa kwenye wilaya hiyo ya shule. Walikuwa wamesomesha watoto wao kwingine, wakasema zamu yao imekwisha. Lakini pensheni zao zilitegemea kodi ya vijana walioajiriwa, ambao walisomeshwa na mtu.

Ya pili ilitokea jirani, Youngtown, mji wa wazee uliotangulia Sun City, ulioanzishwa 1954. Miaka ya 1990, bibi na babu mmoja walimchukua mjukuu wao kijana aliyekuwa na shida nyumbani kwao. Mji ukawatishia faini kwa kuvunja sheria ya umri. Suala likafika kwa Mwanasheria Mkuu wa Arizona, na mwaka wa 1998 sharti la umri likaanguka. Hebu fikiria: bibi anaomba ruhusa kumlea mjukuu. Kenya, ukiondoa wanaolelewa na bibi zao, madarasa mengi ya vijijini yangebaki na viti vitupu.

Ya tatu ni ya polepole. Sun City ilijengwa kwa mtu wa miaka 65 anayeendesha gari au kigari cha gofu. Mtu huyo alifika 85, macho yakafifia, mwenzake akafa, na duka likawa mbali. Mji wa starehe haukuwa hospitali wala wodi ya kumwogesha mtu.

Hapo ndipo mjadala wetu hukosea. Tunachanganya vitu vitatu. Kuna makao ya hisani, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor kwa ajili ya maskini. Kuna makao ya uuguzi kwa asiyejiweza. Na kuna mtaa wa waliostaafu wenye pesa. Kila kimoja kina mizani yake.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali, wote wawili. Serikali imefika hadi shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa aliyesajiliwa akiwa na miaka 70. Kilichobaki kimeachiwa familia, na familia ni wewe.

Kwa hivyo siku mtakapokaa kikao cha kuamua mathe ataishi wapi, msianze na picha za bustani wala bei. Ulizeni kama ni yeye aliyechagua. Ulizeni atahudumiwa na nani siku asipoweza kusimama. Na ulizeni kama mjukuu akifika na begi lake usiku, lango litafunguliwa.