Kuzidi Kumzidi Nani? Vitenzi vya Makali katika Habari za Hulugho

Jina la Hulugho likitajwa katika taarifa ya habari ya Kiswahili nchini Kenya, halichelewi kufuatwa na kitenzi cha kupanda. Ama ukame unazidi makali, ama ulinzi umeimarishwa, ama hali imezidi kuwa tete. Kaunti ndogo hii iko kusini mwa Garissa, mpaka wa Somalia ukiwa upande mmoja na msitu wa Boni upande mwingine, na kwa msikilizaji wa Nyeri au Kakamega ni kana kwamba huko kila kitu hupanda tu, hakuna kinachoshuka. Ninavyoona mimi, vitenzi hivi vimekuwa vikitumika bila mizizi: vinadai kiwango kimeongezeka lakini havisemi kimeongezeka kutoka wapi, wala nani amekiongeza. Kosa hilo halikuzaliwa ndani ya Kiswahili. Limetoka katika Kiingereza cha ofisi, na Kiswahili kina nyenzo ya kulirekebisha ambayo waandishi wetu wameiacha ilale.

Ifuatwe safari ya habari yenyewe. Mfugaji husema kwa Kisomali kwamba mbuzi hawakamuliki tena. Chifu hulifikisha jambo hilo barazani au kwa mkubwa wake kwa Kiswahili. Ofisini huandikwa ripoti ya Kiingereza, na humo ndimo huingia 'intensify', 'deepen', 'worsen', 'heighten' na 'escalate'. Kisha mhariri wa Nairobi huirudisha kwa Kiswahili. Kinachorudi si maziwa yaliyokatika, bali "makali yaliyozidi".

Kiingereza kinaviruhusu vitenzi hivyo kusimama peke yao. Ukame unaweza tu 'intensify', pasipo kipimo, na sentensi ikakamilika kisarufi. Hicho 'escalate' kina historia ya kuchekesha kidogo. Kilinyofolewa kutoka jina la ngazi za umeme, jina ambalo kampuni ya Otis ililitumia kibiashara tangu 1900, kikaja kushika nafasi yake katika siasa za Vita Baridi. Mwaka 1965 Herman Kahn aliandika kitabu kizima kuhusu vita kupanda daraja kwa daraja, akazihesabu daraja 44 kati ya mvutano wa kawaida na maangamizi ya nyuklia. Mtu anaweza kumpinga Kahn kwa mengi, lakini walau alizipa daraja zake nambari. Waandishi wa ripoti walichukua kupanda, wakaziacha daraja.

Edward Sapir, katika makala yake ya 1944 kuhusu upangaji wa viwango katika maana, alionyesha kwamba binadamu hulinganisha kabla ya kupima: tunajua hiki kimepita kile kabla hatujajua kila kimoja kina kiasi gani. Kwa hoja hiyo hata neno linaloonekana kusimama peke yake, kama "kubwa" au "kali", limeegemea kawaida fulani iliyofichika. Ni hoja yenye uzito kwetu kuliko hata kwa wasemaji wa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hakikuificha kawaida hiyo. Huku ulinganishi hufanywa kwa kitenzi: Asha ni mrefu kuzidi Halima, mbio hizi zimeshinda zile. Leon Stassen, katika uchunguzi wake wa 1985 wa ulinganishi katika lugha za dunia, aliuweka muundo huu katika aina yake mahususi, aina ya lugha zinazotumia kitenzi cha kupita kiasi, ambazo nyingi zimo Afrika. Yaani "kuzidi" katika muundo huu ni kitenzi chenye mtendwa. Anayezidi anamzidi fulani, na mtoto wa miaka mitano akiambiwa amezidi, huuliza amezidi nini.

Basi "ukame unazidi makali" ni sentensi iliyokatwa mguu. Ukame huu umeuzidi upi? Wa mwezi uliopita? Wa 2011? Nafasi ya jibu imo ndani ya kitenzi, wazi, inangoja kujazwa. Mwandishi anapoiacha tupu anaandika Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili.

Mtu ataniambia kuwa Kiswahili pia kina vikolezo visivyolinganisha chochote: giza totoro, kujaa pomoni, kimya jii. Ni kweli, na walimu wetu wa insha wamevipenda kupita kiasi, mpaka mtahiniwa wa KCSE hawezi kuvuka ukurasa bila kimoja. Lakini vitazamwe vizuri. Havisemi kitu kimeongezeka. Vinasema kimefika mwisho. Anayesema kisima kimekauka kau amejifunga kwa neno lake, maana ndoo ikishushwa ikarudi na maji, ameumbuka. Anayesema hali ya maji imezidi kuwa mbaya haumbuki kamwe. Kwa habari za Hulugho, kau ina ukweli mwingi kuliko "makali".

Wapo waliokwisha kuliona tatizo hili, ingawa si kama la lugha. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa 2011, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Garissa ikiwemo, na huiweka kila kaunti katika hatua inayotajwa: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, kisha ahueni. Nyuma ya kila jina kuna vipimo. Hali ya mimea husomwa kwa setilaiti. Kipimo kikishuka chini ya 35 ukame huhesabiwa kuwa wa wastani, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 umepindukia. Huongezwa maziwa yanayopatikana, mwendo wa kufikia maji, na kiasi cha mahindi ambacho mbuzi mmoja anaweza kununua. Mfumo wa kimataifa wa kupima uhaba wa chakula, ambao ulibuniwa jirani tu, Somalia, mwaka 2004, nao una hatua tano. Hatua ya tano, baa la njaa, haitangazwi kwa hisia: angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe zimekosa kabisa chakula, watoto 30 katika 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu wawili kati ya 10,000 wawe wanakufa kila siku. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa hilo katika maeneo mawili ya kusini mwa Somalia, kila neno katika tangazo lilikuwa na deni la takwimu.

Sisemi tarakimu zimemaliza kazi. Garissa ina takriban kilomita za mraba 44,000, na hatua ya kaunti yote hutajwa kwa neno moja. Kusini, upande wa Ijara na Hulugho, kwa kawaida hupata mvua zaidi kuliko Dadaab au Lagdera, na kiangazi kikikaza wafugaji wa mbali hushuka huko na mifugo yao. Malisho ya Hulugho yanaweza kwisha kwa sababu ya ukame wa kwingine, jambo ambalo wastani wa kaunti hauwezi kulitamka.

Wafugaji wenyewe hutumia njia ya tatu. Mwaka wa Kisomali una misimu minne, Gu na Deyr za mvua, Jilaal na Hagaa za ukavu, na ukame mkubwa hupewa jina. Ule wa 1974 na 1975 uliitwa Dabadheer, wenye mkia mrefu, na jina hilo limebaki kipimo: ukame mwingine hulinganishwa nao kwa urefu wa mkia. Hapo ndipo mtendwa wa "kuzidi" anapopatikana. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alipoutangaza ukame kuwa janga la kitaifa, mzee mwenye kumbukumbu ya majina hayo angeweza kuuliza swali la maana kuliko mwanahabari yeyote, yaani umelizidi janga gani, na kwa lipi.

Kwa nini basi nafasi hiyo ya mtendwa iachwe wazi? Nadhani ni kwa sababu pengo hilo lina faida, na faida yenyewe hugeuka kulingana na habari. Katika ukame, neno la juu huleta lori la maji, unga na fedha za dharura. Hakuna mwakilishi wa wadi atakayelalamika kwamba "makali" hayana kipimo. Katika usalama, neno la juu huleta kafyu na doria, na malisho ya msituni hufungwa. Jamii ile ile inayotaka ukame upandishwe daraja ina sababu ya kuomba tishio lishushwe. Kwa Waaweer, wanaotegemea msitu wa Boni kwa asali na matunda ya mwituni, neno "kuimarishwa" limemaanisha kuzuiwa kuingia kwao.

Na hapa kitenzi kimepoteza hata mtendaji. "Ulinzi umeimarishwa": nani ameuimarisha, kwa askari wangapi, kwenye barabara ipi, hadi lini? Polisi wa akiba wa kijijini wakiongezewa risasi, ni kuimarisha. Kambi mpya ikijengwa, ni kuimarisha. Afisa akipita kwa gari mara moja, nako ni kuimarisha. Operesheni Linda Boni, ya usalama katika msitu huo, ilianzishwa Septemba 2015, miezi michache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na ilikusudiwa kuchukua siku 90. Iliendelea kwa miaka, baadaye ikaitwa Amani Boni, na katika muda huo wote ulinzi uliripotiwa kuimarishwa, kisha kuimarishwa zaidi. Kama kila uimarishaji ulijengwa juu ya uliotangulia, mkazi wa Hulugho ana haki ya kuonyeshwa tofauti kati ya ule wa kwanza na wa mwisho. Na kama haukujengwa juu yake, kitenzi kilichofaa siku ile kilikuwa "kurudisha".