Kipya Kinyemi? Historia ya Mashine za Pumzi na Uamuzi wa Kuzibadilisha

Mtu akizinduka usiku akihema kwa nguvu, wazee wetu wa Pwani walisema amekabwa na jinamizi. Leo hapa Doha mzee huyo huyo hupelekwa kliniki ya usingizi. Hulala usiku mmoja akiwa amebandikwa nyaya kichwani na kifuani, na matokeo yakitoka huambiwa ana apnea, yaani pumzi yake husimama mara nyingi akiwa usingizini. Hupewa mashine ya kumpulizia hewa kupitia barakoa. Baada ya miaka michache huja swali la pili: imetoka mashine mpya zaidi, je, aibadilishe?

Swali hilo mara nyingi hutufikia sisi vijana, kwa sababu sisi ndio wakalimani wa nyumbani. Daktari anaeleza kwa Kiingereza au Kiarabu, bibi anauliza kwa Kiswahili, na mjukuu anakaa katikati akitafuta maneno. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Tulipofuatilia historia ya mashine hizi, tuliona kwamba methali hiyo inahusu jambo zito kuliko nguo na simu.

Apnea mbili, jina moja

Apnea iliyo ya kawaida zaidi ni ya kuziba. Ubongo unatoa amri ya kuvuta pumzi, kifua kinajitahidi, lakini koo limelegea na kufunga njia. Ndiyo inayoambatana na kukoroma kwa kishindo. Apnea ya pili huitwa ya kati, kwa maana ya mfumo wa kati wa neva. Hapa koo liko wazi, ila ubongo wenyewe unanyamaza kwa sekunde kadhaa bila kutuma amri. Kifua kinatulia tu.

Aina hii ya pili ilionekana zamani. Mwaka 1818, daktari John Cheyne wa Dublin alieleza habari za mgonjwa wake ambaye pumzi yake ilisimama kabisa, ikarudi polepole, ikapanda hadi kuhema, kisha ikafifia tena. Mwaka 1854 William Stokes, naye wa Dublin, alieleza hali hiyo hiyo na kuihusisha na ugonjwa wa moyo. Mpaka leo mpumuo huo unaitwa kwa majina yao wawili. Huonekana hasa kwa watu ambao moyo wao umepungua nguvu za kusukuma damu. Apnea ya kati huweza pia kutokana na kiharusi au dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Hata mtu mzima wa afya anaweza kuipata akilala kwenye kambi za juu za Kilimanjaro, kwa sababu ya upungufu wa oksijeni.

Kabla ya mashine, mikono ya wanafunzi

Mwaka 1928 huko Boston, Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw walitengeneza pipa la chuma ambalo mgonjwa aliingizwa mwili mzima, kichwa kikabaki nje, na hewa ikapunguzwa na kurudishwa ili kifua kipanuke. Waliolengwa hasa ni wagonjwa wa polio.

Mwaka 1952 polio iliivamia Copenhagen. Katika hospitali ya Blegdam, kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliopooza misuli ya kupumua, 27 walikufa. Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza njia iliyotumika katika chumba cha upasuaji: kutoboa koo, kuingiza mpira, na kusukuma hewa kwa kubinya mfuko kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwapo, kwa hiyo waliitwa wanafunzi wa udaktari. Takriban 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana, kwa miezi, wakibinya mifuko. Vifo vilipungua sana. Walikuwa vijana wa umri wetu, na funzo lao ni kwamba hewa inaweza kusukumwa ndani ya mapafu kutoka nje na mtu akaishi.

Kipulizio cha Sydney

Kwa wenye apnea ya kuziba iliyo kali, tiba ya miaka ya 1970 ilikuwa kutoboa koo. Mwezi Juni 1980, huko Sydney, mgonjwa mmoja hakutaka kutobolewa akakubali kufanyiwa jaribio na daktari Colin Sullivan. Sullivan alichukua mota ya kupuliza hewa, ya aina ya kifyonza vumbi kilichogeuzwa, akaiunganisha kwa bomba na pua ya mgonjwa. Shinikizo dogo la hewa lilitosha kuliweka koo wazi, na mgonjwa akalala usiku kucha. Mwaka 1981 matokeo ya wagonjwa watano yalichapishwa katika jarida la Lancet. Mashine hiyo ndiyo CPAP, iliyoko leo kando ya vitanda vya mamilioni ya watu.

Lakini CPAP ilibuniwa kufungua koo. Je, ingemsaidia mtu ambaye koo lake halikuziba? Watafiti wa Kanada waliwajaribu wagonjwa 258 wenye moyo dhaifu na apnea ya kati. Matokeo yaliyotoka mwaka 2005 yalionyesha kwamba pumzi zilizosimama zilipungua, lakini waliotumia mashine hawakuishi muda mrefu kuliko wasioitumia.

Mashine iliyofuata ilionekana kuwa jibu kamili. Inaitwa ASV. Haipulizi kwa nguvu moja tu. Inafuatilia kila pumzi, na ikiona pumzi inafifia huongeza msukumo, ikiona inapanda huupunguza. Kwenye kioo, apnea ya kati hutoweka karibu yote. Nani angekataa kubadilishiwa?

Mei 2015

Utafiti mkubwa ulioitwa SERVE-HF uliwaandikisha watu 1,325 wenye apnea ya kati na moyo uliokuwa ukisukuma asilimia 45 au chini ya hapo ya damu iliyomo katika chumba chake kikuu kwa kila pigo. Nusu walipewa ASV, nusu waliendelea na matibabu ya kawaida ya moyo. Mashine ilifanya kazi yake: baada ya mwaka mmoja, wastani wa vipindi vya pumzi kusimama au kufifia kwa waliopewa ASV ulishuka kutoka zaidi ya 31 kwa saa hadi chini ya 7.

Hata hivyo, tarehe 13 Mei 2015 kampuni ya ResMed, iliyotengeneza mashine hizo, iliwatahadharisha madaktari. Vifo vya moyo na mishipa vilifikia asilimia 29.9 kwa waliotumia ASV, dhidi ya asilimia 24.0 kwa wasioitumia. Namba za kwenye kioo zilikuwa nzuri huku watu wakifa zaidi. Sababu bado inabishaniwa. Baadhi husema shinikizo la hewa lililemea moyo ambao tayari umechoka. Wengine husema mpumuo ule wa Cheyne na Stokes huenda ni namna ya mwili kujihami, nasi tukauondoa.

Historia haikuishia hapo. Juni 2021 kampuni ya Philips ilirudisha mamilioni ya mashine, zikiwemo za ASV, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake iliweza kuchakaa na kutoa chembechembe ambazo mgonjwa angezivuta. Mwaka 2024 utafiti mwingine, ADVENT-HF, wenye wagonjwa 731 na mashine ya kampuni hiyo, ulichapishwa. Safari hii ASV haikuongeza vifo, wala haikuvipunguza. Ilichoboresha ni usingizi na hali ya maisha. Kwa hiyo ASV haikupigwa marufuku kwa kila mtu. Tahadhari inamhusu mwenye moyo unaosukuma kwa nguvu ndogo.

Tuamue vipi nyumbani?

Kutokana na safari hii yote tunaona kwamba kila mashine ilibuniwa kujibu swali fulani, kwa mgonjwa fulani. Kabla ya kuuliza "mpya ina nini?", tuulize kwanza apnea ya mzee wetu ni ya aina gani. Kipimo cha miaka mitano iliyopita huenda hakitoshi, maana moyo na dawa hubadilika. Pili, tuombe majibu ya kipimo cha moyo, ile asilimia ya damu inayosukumwa. Doha ina Hospitali ya Moyo tangu 2011, lakini daktari wa moyo na wa usingizi huenda si mtu mmoja, na familia ndiyo inayobeba karatasi kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Tatu, tuulize kitakachobadilika: je, mzee atalala vizuri zaidi, au ni namba tu? Nne, kama mashine ya sasa ni miongoni mwa zilizorudishwa, kuibadilisha si anasa. Azungumze na daktari, asiizime kwa hofu peke yake.

Tusisahau pia mahali mashine itakapotumika. Wazee wetu hupanda ndege kwenda Mombasa na Unguja. Wanaokumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme takriban miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa kwa nini betri inaweza kuwa na maana kuliko kioo cha rangi.

Kazi moja ni ya chama chetu hasa, nayo ni maneno. Ukimwambia bibi "moyo wako ni dhaifu", anaweza kusikia kwamba hana ujasiri. Ukimwambia "unakata pumzi", atasikia "unakata roho". Sisi tumekubaliana kusema "pumzi inasimama kidogo, kisha inarudi", na "moyo unasukuma damu kwa nguvu ndogo". Tunawaomba walimu na wanachama wenzetu mtuletee maneno bora zaidi, hasa yale mnayoyasikia kwa wazee wenyewe.