Almasi ya Mwadui na Bizimu la Malkia

Hapa Cyangugu, Rusizi ya leo, ambapo ng'ambo ya mto ni Bukavu, wanafunzi hudhani kwamba almasi ni mali ya Kongo peke yake. Lakini, ndugu wasomaji, mojawapo iliyo mashuhuri duniani ilitoka Mwadui, Shinyanga, katika mgodi aliougundua Mkanada John Williamson mwaka 1940.

Ilipatikana Oktoba 1947, yenye rangi ya waridi na uzito wa karati 54.5. Williamson akamtunuku Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, aliyeolewa mwezi uliofuata. Huko London ilikatwa ikabaki karati 23.6 (zaidi ya nusu ikapotea!), na mwaka 1953 nyumba ya Cartier ikaipachika katikati ya bizimu la umbo la ua, lililozungushiwa almasi nyeupe. Malkia alilivaa hata katika arusi ya mwanawe Charles, 1981.

Frederick Mew aliyelibuni bizimu hilo anatajwa vitabuni. Jiwe nalo huitwa kwa jina la Williamson. Mikono iliyolitoa udongoni haitajwi. Darasani mimi huliita Almasi ya Mwadui.